Matembezi ya Miguu katika Milima ya Machakos

Katika nchi ya Uingereza iko miji miwili yenye sifa kubwa ya elimu, nayo ni Oxford na Cambridge. Watu wengi wa huku kwetu huijua kwa vyuo vyake tu, na hudhani kwamba mtu akaaye huko hana kazi ila kufunua vitabu usiku na mchana. Kumbe sivyo. Mojawapo ya desturi za watu wa miji hiyo ni kutembea mashambani kwa miguu. Siku ya mapumziko wanafunzi, walimu na wenyeji hutoka mjini, wakafuata vijia vipitavyo kando ya mito na katikati ya malisho ya ng'ombe. Kutoka Cambridge mpaka kijiji cha Grantchester ni mwendo wa maili mbili hivi kandokando ya mto, na vizazi vingi vya watu vimeikanyaga njia hiyo bila haja nyingine ila kunyosha miguu na kutazama nchi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba vijia hivyo mara nyingi hupita ndani ya shamba la mtu. Sheria ya mwaka 1949 iliyaagiza mabaraza ya wilaya za huko yaandike njia za miguu katika ramani, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuziziba. Mahali ambapo ua hukatiza njia, mara nyingi hapo hujengwa ngazi fupi ya mbao yenye vipago viwili au vitatu, ili mtu avuke na ng'ombe asivuke. Ngazi hiyo ni kitu kidogo sana, lakini naomba msomaji aikumbuke.

Sisi watu wa Machakos nasi tunacho chuo kikuu chetu. Kilianza zamani kama shule ya ufundi, na mwaka 2016 kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wala hatukuwa wageni wa elimu ya namna hiyo kabla ya hapo. Mwaka 1963 Mkamba mwenzetu, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alipata shahada ya udaktari huko Cambridge. Na mwaka 1966 kitabu chake cha hadithi za Wakamba kilichapishwa Oxford. Basi hadithi za jioni za bibi zetu zilifika Oxford kabla ya wengi wetu kupanda hata kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu. Nasema hivi bila kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Mpwa wangu, ambaye alizaliwa na kulelewa Nairobi, anasoma katika chuo hicho. Siku moja katika mwezi wa Oktoba alikuja kwangu akaniambia, "Mjomba, darasani tumefundishwa kwamba matuta ya Machakos yanatajwa katika vitabu vya dunia nzima. Wewe umezaliwa katikati yake. Naomba unitembeze niyaone."

Niliona haya kidogo. Kila siku ya kazi hupanda gari asubuhi kwenda ofisini na jioni hupanda gari kurudi, na matuta hayo huyaona dirishani kama mtu aonavyo picha ukutani. Hata hivyo mjomba hawezi kukataa ombi kama hilo. Tukapatana siku ya Jumamosi.

MJI WENYEWE

Tulianza safari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulichukua chupa mbili za maji, viazi vitamu vya kuchemsha, na fimbo moja ya kufukuzia mbwa. Tulipita soko la Marikiti wakati akina mama walipokuwa wakipanga ndizi, maparachichi na mboga, na wengine wameketi wakisuka vyondo vya mkonge huku wakingoja wanunuzi. Mikono yao haikupumzika hata walipokuwa wakitaja bei.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini mji huu usiokuwa mkubwa sana una jina kubwa katika historia. Nikamweleza kwamba mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilijenga kituo chake hapa, miaka kumi kabla Nairobi haijawa mji. Jina lenyewe latokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Kikamba aliyesifiwa kwa uaguzi. Wageni hawakuweza kulitamka sawasawa, wakasema Machakos, na kosa hilo likakaa likawa jina. Kisha reli ya kutoka Mombasa ikapita mbali nasi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya serikali yakahamia huko. Nairobi, iliyo umbali wa maili arobaini hivi, ikapata reli. Sisi tukabaki na milima.

"Basi Nairobi ilitunyang'anya," akasema mpwa wangu.

"Huenda," nikamjibu, "lakini wewe umetoka huko kuja kutazama milima."

KUPANDA IVETI

Milima ya Iveti husimama upande wa kaskazini wa mji. Ukitoka barabarani na kushika njia ya miguu, mlima haukupi nafasi ya mazungumzo marefu. Njia hupanda katikati ya migomba na mikahawa, hupinda penye jiwe, hupotea kidogo nyuma ya nyumba ya mtu, kisha huonekana tena mbele. Mimi karani nilitangulia kuhema. Mpwa wangu, kwa heshima, alijifanya anatazama maua ili nipumzike.

Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi tulifika mahali palipo wazi, tukageuka nyuma. Mji ulikuwa chini yetu, mabati yake yaking'aa kwa jua. Tuliuona Kiima Kimwe, maana yake Mlima Mmoja, umejitenga peke yake kama mzee asiyetaka makelele. Upande wa magharibi ilikuwapo milima ya Mua, na ng'ambo yake uwanda wa Athi, mweupe kwa nyasi kavu. Mbali zaidi, upande wa kaskazini, Kilimambogo kilionekana kama mgongo wa nyati aliyelala.

Lakini kitu kilichomshika mpwa wangu hakikuwa mbali. Kilikuwa chini ya miguu yake. Mteremko wote, toka juu hata bondeni, umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi ina ukingo wake wa majani. Hakuna mtu mmoja aliyeuchora mlima ule. Kila mwenye shamba amekata kipande chake, lakini vipande vyafuatana kama mistari ya daftari.

Hapo tulimkuta mzee wa miaka zaidi ya themanini akizoa udongo katika mtaro, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa karibu. Tukamwamkia, akaegemea jembe lake, naye akafurahi kuulizwa. Alimweleza mpwa wangu kazi yenyewe. Kwanza wapima mstari uliolala sawa kukatiza mteremko. Kisha wachimba mtaro wa kina cha futi mbili hivi, na upana kama huo. Udongo wake huutupi chini, maana ukiutupa chini mvua itauchukua. Wautupa upande wa juu ukawa ukingo, na juu ya ukingo wapanda majani ya kuushika. Maji yateremkayo hukuta ukingo, husimama, huacha udongo wake, kisha huzama taratibu. Mwaka hata mwaka udongo hujaa nyuma ya ukingo, na shamba lililokuwa limeinama hulala kama meza. Ndani ya mtaro wenyewe waweza kupanda mgomba au mpapai, nao hautaona kiu upesi.

"Kazi hii yaitwa fanya juu," akasema mzee.

Mpwa wangu akacheka kwa mshangao. Alikuwa amelisoma neno hilo katika kitabu cha Kiingereza cha wataalamu wa udongo, limeandikwa hivyohivyo bila kutafsiriwa, naye hakutambua kwamba ni Kiswahili cha mtu aliyeinamia jembe.

AMRI NA HIARI

Tulikaa na mzee yule karibu saa nzima. Mambo aliyotuambia yanakubaliana na yale yaliyoandikwa, basi nitayaweka pamoja.

Katika miaka ya 1930 nchi ya Machakos ilikuwa katika hali ya kusikitisha. Mashamba yalikuwa yamechoka, malisho yamekwisha, na makorongo yalikuwa yakila milima. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, mtaalamu wa udongo wa serikali, aliandika kwamba nchi hii yaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Picha zilizopigwa mwaka huo huonyesha vilima vitupu. Hakusema uongo juu ya udongo. Lakini dawa iliyotolewa na serikali ilikuwa amri. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni. Ndipo maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walipokwenda Nairobi katika mwezi wa Julai kutaka kusema na Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo mwaka haukwisha kabla serikali haijaiacha amri ile ya kuuza ng'ombe kwa lazima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya matuta ilisukumwa tena, mara nyingi kwa lazima, na watu waliifanya kwa moyo mzito. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950, kazi ilipotiwa katika desturi yetu ya mwethya, yaani jirani kumsaidia jirani kwa zamu, kila kundi likiwa na viongozi wake liliowachagua lenyewe. Mzee alikumbuka akiwa mtoto akibeba mawe nyuma ya mama yake, wanawake wakiimba na majembe yakishuka pamoja. Wakati huohuo wakulima Waafrika wa hapa walianza kuruhusiwa kupanda kahawa, na kahawa haikai juu ya mteremko mtupu.

"Serikali ilitupa jembe," mzee akasema, "lakini jembe la mtu mwingine ni zito. Tulipoona udongo unabaki kwetu na mavuno yanabaki kwetu, hatukungoja kuamriwa. Matuta mengi zaidi yalichimbwa hakuna aliyetutuma."

Maneno hayo ni kweli. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hata kufika kama 1,400,000 karibu na mwaka 1990, na bado udongo ulihifadhiwa vizuri kuliko zamani na miti ikaongezeka. Wengi walikuwa wametabiri kinyume, kwamba watu wakizidi nchi itakufa. Picha zilipopigwa tena mahali palepale mwaka 1991, vilima vilivyokuwa vitupu vilikuwa na matuta na miti.

NJIA ZILIZOZIBWA

Tulimuaga mzee tukafuata mgongo wa mlima. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Kijia nilichokijua tangu utotoni, ambacho tulikitumia kwenda shule, kilifika penye ua wa waya kikakoma. Tukazunguka. Mbele kidogo tukakuta ua mwingine, huu wa michongoma, nao umefungwa kabisa. Mara ya tatu tulikuta ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu yake, na mbwa wawili nyuma yake ambao fimbo yetu haikuwaogofya.

Nikaanza kunung'unika. Nikamwambia mpwa wangu kwamba watu wa siku hizi wamepotewa na utu. Zamani shamba lilikuwa la mtu, lakini njia ilikuwa ya wote. Mwenye shamba alilima mpaka ukingo wa njia akaacha. Sasa mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, kila kipande kina hati yake, na kila mwenye hati hufunga kipande chake kama sanduku. Mwanamke aendaye kisimani huongezewa nusu saa, na mtoto wa shule huongezewa saa nzima. Nilisema maneno mengi sana, na nilisema kwa ufasaha, maana nilikuwa nimechoka.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Mjomba, je, kwako njia ipo?"

Nikajifanya sikusikia.

JICHO LADANGANYA

Saa sita zilikuwa zimepita tulipoteremka barabarani tukapanda gari kwenda Kituluni, ili mpwa wangu aone ile ajabu ya Kyamwilu ambayo watu hutoka mbali kuja kuitazama. Ni mahali barabarani ambapo gari likiachwa bila breki, na injini imezimwa, huonekana kupanda mlima lenyewe. Maji nayo yakimwagwa chini huonekana kukimbia kwenda juu. Vijana wa hapo walitumwagia maji kwa malipo kidogo, na kweli tuliyaona yakipanda, au macho yetu yalituambia hivyo.

Wazee wana hadithi zao juu ya mahali pale. Wataalamu husema kwamba macho hudanganywa na jinsi ardhi ya pande zote ilivyoinama. Jicho halina msitari ulio sawa wa kulinganishia, basi mteremko mdogo huonekana kama mwinuko. Maji hayakupanda hata kidogo. Yalishuka kama maji yote yafanyavyo, ila sisi hatukujua chini ni wapi.

Tulipokuwa tukinywa chai kwa mandazi, mpwa wangu alisema jambo lililonikaa moyoni. Alikumbuka kwamba mzee wa Iveti alituambia tuta halipimwi kwa jicho. Hutumiwa kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili vyenye urefu sawa, na katikati ya kamba huangikwa kipimo kidogo cha fundi chenye povu ndani yake. Povu likisimama katikati, mahali pawili pamelingana. "Hapa Kyamwilu," akasema, "mtu akichimba mtaro kwa kufuata jicho lake, maji yote yatakwenda kwa jirani, naye ataapa kwamba amefanya sawa."

Chai yangu ikapoa mkononi.

UPANDE WA PILI WA WAYA

Tulirudi mpaka Mutituni kwa gari, na kutoka hapo tukashika njia ya miguu kwenda nyumbani kwangu. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Njiani tulimkuta jirani yangu, mama mtu mzima aliye rika la mama yangu mzazi, amebeba mtungi wa plastiki wa maji mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye paji la uso. Nikamwamkia, "Mwaitu," yaani mama yangu, kama ilivyo desturi. Akaitika kwa furaha, akamuuliza mpwa wangu habari za masomo. Mpwa wangu akachukua mtungi ule, nasi tukaongozana.

Alikuwa akizunguka njia ndefu, kupita nyuma ya kilima kidogo. Mpwa wangu, ambaye hakujua, alimwuliza kwa nini hakati moja kwa moja kupitia pale penye miti.

Mama akatazama upande mwingine. "Njia iko, mwanangu," akasema, "lakini sasa ina mwenyewe."

Pale penye miti ni kwangu.

Naona vema niseme wazi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilinunua waya na nguzo, nikazungushia shamba aliloniachia baba yangu. Sikuwa na nia mbaya. Mbuzi walikuwa wakila mahindi yangu. Kijia kilichopita ndani nilikiona kama kitu cha zamani, kikafungwa pamoja na mengine. Jirani hakusema neno. Mimi nikachukua ukimya wake kuwa ridhaa, kumbe ulikuwa heshima.

Kwa kuwa tulikuwa tumebeba maji yake, ilitulazimu tumfikishe kwake, nasi tukapita nje ya waya wangu, upande ambao sikuwa nimeukanyaga tangu nilipoujenga. Hapo niliona jambo lililonitia baridi. Mahali ambapo ua huteremka moja kwa moja na kukatiza matuta, nguzo zilikuwa zimechimbiwa juu ya kingo, na mitaro ilifukiwa ili waya inyooke. Kazi hiyo niliielekeza mwenyewe, kwa jicho. Nilidhani maji yatageukia upande wangu. Maji ya mvua zilizopita hayakunitii. Yaliruka penye pengo, yakashuka katika shamba la mama yule, yakachimba korongo la kina cha goti, na mistari mitatu ya maharagwe yake ilikuwa imekwenda nalo. Baba yangu na mume wake marehemu walichimba matuta hayo pamoja, mtaro mmoja ukipita katika mashamba yote mawili bila kujua mpaka.

"Mwaitu, kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Wewe ni mtu wa ofisi," akajibu. "Nilidhani umepima."

MVUA ZA VULI

Usiku ule sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alikuja na kamba, vijiti na kipimo alichoazima kwa fundi. Tulipima upya, na povu likatuonyesha kwamba jicho langu lilikosea kwa zaidi ya upana wa kiganja. Tuling'oa nguzo sita. Nilikuwa nimekata shauri kuwalipa vijana wawili wafanye kazi iliyobaki, lakini kabla ya saa tatu jirani yangu alitokea na wanawake tisa wa kundi lake la mwethya, kila mmoja na jembe au sepeto. Aliyekosewa ndiye aliyeleta wasaidizi. Kazi ambayo ningeifanya kwa majuma matatu ilikwisha jioni ile. Mke wangu alipika muthokoi na chai nyingi, nami nilibeba mawe nikijua kwamba nastahili kubeba mengi zaidi.

Katika ua wangu niliacha mlango mwembamba mahali kijia kinapoingia, na mwingine mahali kinapotoka. Si ngazi ya mbao kama ile ya mashambani mwa Cambridge, kwa kuwa mama mwenye mtungi mgongoni hawezi kupanda ngazi. Ni nguzo nne tu, zimepangwa kwa kupindana, hata mtu hupita kwa kugeuka kidogo, lakini ng'ombe hawezi. Mbuzi mmoja ameweza, nasi tunaendelea kushauriana juu yake.

Mvua zilikuja katika wiki ya pili ya Novemba. Sisi wa Ukambani twazitegemea mvua hizi za vuli kuliko zile za masika, na mwaka ambao zatupita sote twaujua. Ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilichukua mwavuli nikashuka shambani kwa miguu. Maji yalikuwa yamesimama katika mtaro, mekundu na kimya, toka upande wangu hata upande wa pili wa waya, na korongo la jirani lilikuwa na unyevu tu.

Ndugu msomaji, labda wewe nawe una kilima nyuma ya nyumba yako, na labda hujakipanda tangu ulipoacha kwenda shule. Nakuomba utenge Jumamosi moja. Huhitaji nauli wala viatu vya bei kubwa. Matuta haya yalitunzwa na watu waliotembea kila siku kandokando yake, wakaona ufa ungali mdogo wakauziba. Sisi tupitao kwa gari tutaona korongo likiwa limekwisha kuwa korongo. Nawe ukizunguka shamba lako, usikose kupita upande wa nje wa ua.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani asubuhi ile, nilisikia mtu akikohoa penye ule mlango mwembamba. Alikuwa jirani yangu, na mtungi mtupu mkononi, anakwenda kisimani mapema. Akaniamkia, akageuka kidogo, akapita.